Bunduki ikipotea Marekani, nani analazimika kusema?

Oktoba 2002, kwa majuma matatu, wakazi wa Washington na vitongoji vyake waliogopa hata kushuka garini kujaza mafuta. John Allen Muhammad na kijana aliyefuatana naye, Lee Boyd Malvo, walikuwa wakiwalenga watu kwa mbali, mmoja baada ya mwingine, na katika eneo hilo wakaua 10. Walipokamatwa, namba iliyogongwa kwenye chuma cha bunduki yao ya Bushmaster iliwafikisha wapelelezi kwenye duka la silaha la Bull's Eye Shooter Supply, mjini Tacoma, upande wa pili kabisa wa nchi. Duka lilikuwa na kumbukumbu ya kuipokea bunduki ile. Ya kuiuza halikuwa nayo. Wala halikuwa limetoa taarifa kwa yeyote kwamba imepotea, na hesabu ilipofanywa ikaonekana kuna silaha zaidi ya 200 zisizojulikana zilikokwenda. Malvo alisema aliiiba. Duka lilisema halikujua kama haipo.

Jibu hilo la pili ndilo linalonishughulisha. Duka la silaha Marekani halina hiari ya kukaa kimya. Tangu 1994, sheria ya serikali kuu inalitaka litoe taarifa ya silaha iliyoibwa au kupotea ndani ya saa 48, kwa polisi wa mahali hapo na kwa ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha. Ila saa hizo 48 huanza kuhesabiwa pale upotevu unapogunduliwa. Asiyehesabu mali yake hagundui, na asiyegundua saa yake haianzi kamwe. Ungedhani baada ya mauaji yale Bunge la Marekani lingeziba tundu hilo kwa kuwalazimisha wenye maduka kuhesabu silaha zao walau mara moja kwa mwaka. Lilifanya kinyume: kuanzia 2004, katika vifungu vya bajeti vinavyojulikana kwa jina la mbunge Todd Tiahrt wa Kansas, ATF ilikatazwa kuwadai wauzaji hesabu hiyo. (Mwaka huohuo familia za waathiriwa zilikubaliana na duka na kiwanda kulipwa takriban dola milioni 2.5. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria inayowakinga watengenezaji na wauzaji wa silaha dhidi ya kesi nyingi za aina hiyo.)

Hiyo ndiyo sheria inayowabana wauzaji. Mtu binafsi aliyeibiwa bastola nyumbani kwake hana wajibu wowote, kwa sheria ya serikali kuu, wa kumwambia mtu. Wajibu huo, kama upo, unatoka kwenye jimbo lake. New York inampa saa 24, New Jersey 36, Virginia 48, Connecticut na Oregon 72. California, Colorado na Michigan siku 5, Delaware siku 7. Majimbo mengi hayasemi kitu. Wakati huohuo takwimu za ATF zinaonyesha kwamba katika silaha zaidi ya milioni 1 zilizoripotiwa kuibwa kati ya 2017 na 2021, zaidi ya asilimia 95 zilitoka kwa watu binafsi. Anayelazimika kusema ndiye anayeibiwa kidogo.

Mjadala wa sheria hizi, kwa maoni yangu, umekaa upogo. Wanaozitetea huzinadi kana kwamba zinamzuia mwizi, na mwizi hana habari nazo. Wanaozipinga, NRA, chama kikubwa cha wamiliki wa silaha, kikiwa mstari wa mbele, husema zinamwadhibu mtu ambaye tayari ameumizwa na mwizi. Pande zote mbili zinazungumzia watu wasio walengwa. Sheria hizi zina maana kwa sababu ya mtu wa tatu: yule ambaye bunduki yake haikuibwa kabisa.

Ili kumwona mtu huyo, ni lazima kujua bunduki inavyofuatiliwa. Polisi wakiikuta kwenye tukio la uhalifu, hutuma namba yake kwenye kituo cha ufuatiliaji cha ATF kilichopo Martinsburg, West Virginia. Wengi hudhani hapo kuna kompyuta inayotema jina la mmiliki. Haipo, na sheria ya 1986 inaikataza serikali kuu kuunda daftari la wamiliki wa silaha. Kinachofanyika ni kazi ya simu na mafaili. Kiwanda kinaulizwa kilimuuzia nani, kisha msambazaji, kisha duka, ambalo linatafuta fomu aliyojaza mnunuzi, ile fomu namba 4473. Jina lililo kwenye fomu hiyo ndiyo mwisho wa njia. Kama mtu huyo alimuuzia jirani yake miaka sita iliyopita, katika majimbo mengi mauzo hayo hayakuacha hata karatasi. Mpelelezi hana budi kwenda kubisha hodi.

Hili ndilo linaloitofautisha Marekani na nchi nyingine. Afrika Kusini inamtaka mwenye silaha atoe taarifa ndani ya saa 24, Uingereza ndani ya siku 7, Kanada bila kuchelewa, na hakuna anayeona ajabu. Huko mwenye silaha ana leseni mkononi, na anayeshindwa kueleza silaha yake ilipo anajua leseni hiyo inaweza kuondoka. Katika sehemu kubwa ya Marekani hakuna leseni ya kunyang'anya. Taarifa ya polisi inabaki kuwa karatasi pekee inayoweza kuonyesha kwamba bunduki ilitoka mikononi mwa mnunuzi wa kwanza, na lini.

Sasa tuseme anayefungua mlango ni mnunuzi wa niaba: mtu asiye na doa polisi, aliyeingia dukani, akajaza fomu kwa jina lake, kisha akamkabidhi silaha mtu ambaye asingepita ukaguzi. Biashara haramu ya silaha inawategemea sana watu hawa, na tangu Juni 2022 kazi yao ni kosa la jinai linalojitegemea, lenye kifungo cha hadi miaka 15. Lakini ni lazima kwanza lithibitishwe, na yeye ana jibu jepesi: "Iliibiwa." Lini? "Kama mwaka hivi." Ulitoa taarifa? "Hapana, niliona haina haja." Katika jimbo lisilo na sheria ya kuripoti, mazungumzo yamekwisha. Hakuna kosa alilokiri, hakuna hati ya kulinganisha na maneno yake, na mwendesha mashtaka hampeleki mtu mahakamani kwa kuwa tu hadithi yake haiingii akilini. Bastola nyingine aliyoinunua ikiokotwa mwezi ujao, nayo itakuwa iliibwa.

Katika jimbo lenye sheria, uongo uleule unageuka kuwa ungamo. Anaposema iliibwa mwaka jana, amesema kwa kinywa chake kwamba alijua na hakuripoti. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa sheria imeifupisha zaidi. Akitaka kuiepuka, inabidi awahi polisi kabla bunduki haijafanya lolote, akaripoti wizi ambao haukutokea. Hilo nalo ni kosa, na baya zaidi kwake, linaacha jina lake kwenye kumbukumbu. Taarifa ya kwanza itaaminika. Ya pili ndani ya mwaka uleule itazua maswali. Ya nne ni ushahidi. Ufundi wote wa sheria hizi uko hapa, na nashangaa jinsi wanasiasa wanaozipigania wanavyoupita bila kuutaja, wakakimbilia kuhubiri usalama wa watoto, jambo ambalo sheria hizi hazina uwezo nalo mkubwa. Mtoto anayechukua bastola ya baba yake asubuhi na kuirudisha jioni hakuacha chochote cha kuripoti.

Lakini mlango mmoja umebaki wazi, uleule wa Tacoma: "Sikujua kama haipo." Sheria inayomgusa tu aliyejua inamfundisha mwongo jibu la kutoa. California ililiona hilo. Pendekezo namba 63, lililopitishwa na wapiga kura Novemba 2016 na kuanza kutumika kwa sehemu hii Julai 2017, linahesabu siku 5 tangu mtu alipojua au alipopaswa kujua. Maneno hayo machache ndiyo yenye uzito kuliko idadi ya siku, kuliko faini, kuliko chochote kingine kilichoandikwa humo.

Na ndiyo magumu kuyatumia kwa haki. Nani alipaswa kujua? Aliyeacha bastola ndani ya gari akakuta kioo kimevunjwa hana kisingizio, na visa vya namna hiyo si haba: uchambuzi wa shirika la Everytown, uliotumia takwimu za FBI, unaonyesha kwamba karibu nusu ya wizi wa silaha hutokea kwenye magari. Lakini yupo mwenye bunduki za kuwindia kwenye kibanda msituni ambacho hukifungua msimu mmoja tu wa mwaka. Yupo mjane aliyeachiwa kabati la silaha na hajui zilikuwa ngapi. Mahakama ikiwapima hawa kwa kipimo cha mwenye gari, itakuwa imewaonea. Ningependa kuona sheria ikisema wazi kwamba hali ya mahali silaha ilipotunzwa ndiyo inayopima kile mtu alichopaswa kujua, badala ya kumwachia kila hakimu abuni lake.

Ugomvi wa saa 24 au siku 5 nauona mdogo kuliko kelele zake. Watetezi hupenda muda mfupi, wakidhani mfupi ni mkali. Mkali kwa nani? Mnunuzi wa niaba anabanwa pale bunduki inapookotwa, miezi au miaka baada ya kuondoka mikononi mwake. Uwe umempa siku moja au siku 7, amekwisha kupitiliza. Anayenaswa na saa 24 ni mtu mwaminifu aliyekuwa safarini mwisho wa juma, au aliyekuwa bado anapekua nyumba akidhani ameisahau mahali. Kuna faida moja ya haraka nisiyoikana: namba ikiingizwa mapema kwenye kumbukumbu za FBI za vitu vilivyoibwa, askari yeyote atakayeikuta barabarani atajua hapohapo. Lakini faida hiyo hupatikana kwa mtu anayetaka kuripoti, na huyo hakimbizwi na sheria. Anataka bastola yake irudi, au anataka hati ya kupeleka kwenye bima.

Kwenye adhabu ndipo wapinzani hupata kicheko. Colorado, kwa sheria yake ya 2021, inamtoza aliyekosa mara ya kwanza dola 25. Virginia faini haizidi dola 250, nayo ni ya madai, si ya jinai. California huanza na dola zisizozidi 100, mara ya pili hadi 1,000, na mara ya tatu ndipo inapokuwa kosa linaloweza kumpeleka mtu jela hadi miezi 6. Dola 25 ni kitu gani? Kwa mtu wa kawaida ni usumbufu tu, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Adhabu kubwa kwa kosa la kwanza ingemtisha mwaminifu aliyechelewa siku mbili asiende kabisa. Ngazi ya California ndiyo inayosoma vizuri tabia ya wahusika, kwa kuwa ni vigumu kumpata mtu asiye na hatia aliyepoteza silaha mara tatu na mara zote tatu akasahau kusema.

Kuhusu kumwadhibu aliyeibiwa, tazama kadi ya benki. Sheria ya Marekani inasema ukipoteza kadi na kuiarifu benki ndani ya siku 2 za kazi, hasara yako haizidi dola 50; ukichelewa inaweza kufika 500. Mwizi ni yuleyule na wewe uliibiwa vilevile, lakini kimya chako kina gharama kwa wengine, na gharama hiyo unashiriki. Sijasikia mtu akiandamana kupinga hilo. Virginia imekwenda mbele zaidi: anayeripoti kwa nia njema analindwa dhidi ya mashtaka na madai yanayohusiana na upotevu huo, isipokuwa amedanganya kwa makusudi. Kinga hiyo ni sehemu ya sheria sawasawa na faini, na jimbo linaloandika faini likaacha kinga limeandika nusu. Oregon imeshika njia nyingine, ya kumfungulia asiyeripoti mlango wa kudaiwa fidia iwapo silaha itamjeruhi mtu ndani ya miaka miwili. Ninaelewa hasira iliyoizaa. Nina wasiwasi kwamba mtu aliyechelewa akishajua deni linaweza kuwa kubwa kiasi hicho, ataona afadhali anyamaze moja kwa moja na kuomba Mungu bunduki isionekane.

Lipo pingamizi la kisheria linalostahili kujibiwa kwa makini zaidi ya mengine. Mwaka 1968, katika kesi ya Haynes, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mtu aliyekatazwa kumiliki silaha fulani hawezi kuadhibiwa kwa kutoisajili, kwa kuwa kuisajili kungekuwa kujitia hatiani, na Katiba inamkinga na hilo. Wapinzani huuliza: basi mhalifu aliyepoteza bastola hana wajibu wa kuripoti, ila raia mwema anao? Kwa maneno ya sheria, huenda ni kweli, na inakera. Lakini mnunuzi wa niaba huchaguliwa kwa sababu moja, kwamba hana rekodi. Anaruhusiwa kuwa na silaha, kwa hiyo kinga ya Haynes haimfuniki kwa urahisi. Isitoshe, mwaka 1971, katika kesi ya Byers, mahakama hiyohiyo ilikubali sheria ya California inayomtaka dereva aliyegonga asimame na kuacha jina lake, ingawa jina hilo laweza kumletea balaa. Wajibu wa kutoa taarifa unaowahusu watu wote, na usiowawinda wahalifu peke yao, una nafasi nzuri ya kusimama.

Udhaifu ninaouona mimi ni wa kawaida mno, ndiyo maana haupigiwi kelele. Kumbukumbu ya FBI haipokei bunduki isiyo na namba, na wamiliki wengi hawajui namba za silaha zao. Mtu anafika kituoni kwa wakati, anasema ameibiwa bastola nyeusi ya milimita 9, anapewa hati yake, na bastola hiyo haiingii popote inapoweza kutambuliwa. Ametii sheria kikamilifu na polisi hawajapata kitu. Mtafiti David Hemenway na wenzake walikadiria, kutokana na uchunguzi wa mwaka 2015, kwamba silaha kama 380,000 huibwa kwa watu binafsi kila mwaka. Zile milioni 1 na ushei za ATF, zilizotapakaa katika miaka 5, ni karibu 200,000 kwa mwaka. Takwimu hizi zimekusanywa kwa njia tofauti na hazitoani kwa kutoa na kujumlisha, lakini hata ukipunguza kwa ukarimu linabaki pengo kubwa la silaha zilizotoka kwa wenyewe na zisizo kwenye kumbukumbu yoyote. Kulitaka duka limpe kila mnunuzi kadi yenye namba ya silaha, na kumtaka mnunuzi aitunze mahali tofauti na silaha, kungegharimu senti chache.

Je, sheria hizi zimepunguza mauaji? RAND, taasisi inayopima tafiti za sera za silaha bila kuegemea upande, haijapata ushahidi wa kutosha kusema ndiyo wala hapana. Sishangai. Sheria inayotumika mara chache haiachi alama ya kupimwa. Miji ya Philadelphia na Pittsburgh, jimboni Pennsylvania, ilipitisha kanuni zake za kuripoti mwaka 2008, kisha kanuni hizo zikakaa miaka mingi karibu bila kuguswa, kwa sababu viongozi walijua sheria ya jimbo inaizuia miji kutunga masharti yake kuhusu silaha. Philadelphia ilipojaribu hatimaye kuitumia yake, mahakama ya rufani ya jimbo, iitwayo Commonwealth Court, iliizuia mwaka 2022. Majimbo zaidi ya 40 yana vizuizi vya aina hiyo, kwa hiyo mahali ambapo bunduki nyingi huokotwa, yaani mijini, ndipo penye uwezo mdogo wa kutunga sheria. Suala likarudi kwa wabunge wa jimbo. Mei 2023 Baraza la Wawakilishi la Pennsylvania lilipigia kura muswada wa kuripoti ndani ya saa 72. Uliangushwa kwa kura 101 dhidi ya 100. Waliouunga mkono walikosa kumshawishi mbunge mmoja tu.